Jumamosi Nne Katika Njia ya Wapagazi

Neno "matembezi" lina nyuso mbili katika nyumba zetu. Mzazi alisikiapo huona kijana mvivu aliyeegemea ukuta wa duka, mikono mifukoni, na jua linapanda bila kazi. Kijana alisikiapo huona siku njema, rafiki, chakula cha njiani, na jambo jipya la kusimulia jioni. Nadhani kila mmoja ana haki yake, maana yako matembezi yampotezayo mtu, na yako matembezi yamfunzayo. Wahenga walisema, "Tembea uone," na katika maneno hayo mawili lile la pili ndilo lenye uzito. Mwezi huu nataka kuwaelezeni matembezi ambayo mimi na mpwa wangu twaliyafanya siku nne za Jumamosi katika mji wa Tabora na pande zake, katika miezi ya Juni na Julai, wakati wa kiangazi.

Kwanza yawapasa kujua sababu yake. Mpwa wangu ni kijana wa miaka 22, naye ni seremala. Alijifunza kazi miaka mitatu, hata sasa aweza kutengeneza kitanda cha mninga kisicholia mtu ageukapo usiku. Mwaka huu aliazimu kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Mama yake, ambaye ni dada yangu, aliposikia habari hiyo hakulala. Maana baba wa kijana naye aliondoka vivi hivi, mtoto akiwa na miaka sita. Mwanzo zilikuja fedha na salamu kila mwezi, kisha zikaja salamu pasipo fedha, kisha kimya.

Basi dada yangu alinijia, akaniambia, "Kaka, wewe ndiwe mjomba wake. Neno lako atalisikia. Mzuie."

Nikamjibu, "Dada, kijana wa miaka 22 hafungwi kamba kama mbuzi. Lakini nipe Jumamosi nne kabla hajakata tiketi, nikatembee naye."

Dada yangu alinitazama kama mtu aliyeomba maji akapewa kikombe kitupu. Lakini alikubali.

Jumamosi ya Kwanza: Mjini

Twalianza kwenye stesheni ya gari la moshi, saa moja ya asubuhi. Asubuhi za Juni hapa kwetu zina baridi, na watu walikuwa wamejifunika vitenge na makoti. Mpwa wangu alitazama reli, akasema, "Mjomba, huu ni mji wa kupita tu. Kila mtu hapa yuko njiani kwenda mahali pengine."

Nalicheka, kwa kuwa alisema kweli kuliko alivyodhani. Katika stesheni hii reli huachana: moja yatoka Dar es Salaam, moja yaenda Kigoma, moja yaenda Mwanza. Reli ya kutoka pwani ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likamalizika mwaka 1928. Lakini huko kupita kulianza zamani kabla ya reli. Burton na Speke, wasafiri wawili Waingereza, walipofika hapa tarehe 7 Novemba 1857, walikuta makao ya wafanya biashara Waarabu yaliyoitwa Kaze, yenye nyumba za tembe, bustani na maghala. Walikuwa wametembea kutoka pwani zaidi ya miezi minne. Na siku zile nazo njia ziliachana papa hapa: moja ilikwenda Ujiji kwenye ziwa la Tanganyika, moja ilikwenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda, na nyingine zilielekea kusini. "Basi," nikamwambia, "reli haikuleta njia panda hapa, iliikuta."

Kutoka stesheni twalikwenda kwa miguu chini ya miembe. Mgeni afikaye Tabora huikumbuka miembe hii kabla ya kitu kingine. Wazee husema kwamba mbegu za kwanza zilikuja na misafara kutoka pwani, zikaota kando ya njia na penye vituo vya kulala. Mwezi wa Juni haina maembe, ina kivuli tu, nacho chatosha.

Sokoni twaliona karanga, mchele, asali iliyotiwa katika chupa, nsansa ambazo ni majani ya kunde yaliyokaushwa, na mafungu ya viazi vitamu vikavu. Mpwa wangu, ambaye amezaliwa hapa, alivitaja vyote kwa jina moja. Mama mwuzaji akamsahihisha mbele ya wateja: "Mwanangu, kwenu hamna bibi? Hivi vilivyokatwa vibichi vikaanikwa ni michembe. Hivi vilivyochemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, ni matobolwa. Ukipewa kimoja badala ya kingine, utajua tofauti kwa meno." Watu wakacheka. Wazee wengi husema kwamba jina la Tabora limetoka katika neno hilo, matobolwa, kwa kuwa wasafiri walikuja kununua chakula hiki chepesi kisichooza upesi. Mji unaoitwa kwa jina la chakula cha njiani! Twalinunua fungu moja, tukatafuna tukienda.

Mbele kidogo alikuwako Mzaramo mmoja auzaye viatu. Alipotambua kwamba sisi ni Wanyamwezi, akaanza: "Ninyi mlikuja kwetu na pembe mabegani, mkala samaki wetu, mkaondoka bila kulipa!"

Mpwa wangu hakukawia: "Twalilipa kwa mabega, babu. Nanyi mlitupa miiba, nyama mkala wenyewe."

Yule mtu akacheka mpaka akashika meza yake, akampunguzia bei ya viatu, ingawa hatukuwa tumeuliza. Utani huu baina yetu na watu wa pwani una asili katika njia ile ile ya misafara. Wapagazi wetu walikaa pwani majuma mengi wakingoja mizigo. Waliugua huko, wakafiwa huko, wakazikwa huko na watu wasio ndugu zao. Mtani ni mtu aliyekuzika hapo zamani, kwa hiyo anayo ruhusa ya kukucheka leo.

Baada ya kula wali na maharage twalipita karibu na Shule ya Wavulana ya Tabora. Nalimkumbusha kwamba Julius Nyerere, kijana kutoka Butiama, alisoma hapo tangu mwaka 1937 hata 1942, kisha akarudi mjini kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria tangu 1946 hata 1949. Na ya kwamba Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana katika mji huu wakakata shauri la kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. "Wako watu," nikasema, "waliokuja Tabora kutoka mbali kutafuta kile ambacho wewe waona hakipo."

Alinyamaza. Kisha akasema kwa adabu, "Ndiyo, mjomba. Lakini wao nao waliondoka kwao." Sikuwa na jibu la neno hilo siku ile, nikalichukua nyumbani.

Jumamosi ya Pili: Kwihara

Kwihara ni mwendo wa karibu kilometa 6 kutoka mjini. Twalikwenda kwa baisikeli mbili, moja yangu, moja ya kuazima. Kabla ya nusu ya njia gurudumu langu likaisha upepo. Chini ya mti alikuwako mtoto wa miaka kama kumi, na beseni la maji, na kopo lenye gundi na vipande vya mpira. Alitumbukiza mpira katika maji, akaona povu, akasugua, akaziba, akapiga pampu, yote kwa muda wa kumaliza mua mmoja. Alipopokea ujira wake alisema, "Shikamoo tena, mzee. Tairi lako lina miaka mingi kuliko mimi." Mpwa wangu alicheka neno hilo njia nzima.

Huko Kwihara iko tembe iliyojengwa kwa mfano wa zamani: kuta nene za udongo, dari ya magogo iliyofunikwa udongo juu yake, na ua katikati. Nje jua lilikuwa kali, ndani palikuwa baridi kama ndani ya mtungi. Ndiyo nyumba ya makumbusho ya Dakta Livingstone. Henry Stanley alifika Unyanyembe mwaka 1871, akakuta njia ya Ujiji imefungwa kwa sababu ya vita baina ya Waarabu na Mirambo, mtemi wa Urambo. Ikambidi azunguke kusini. Alimkuta Livingstone Ujiji mwezi wa Novemba mwaka ule, nao wakarudi pamoja, wakafika Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Tarehe 14 Machi Stanley alishika njia ya pwani. Livingstone akabaki, akakaa mpaka tarehe 25 Agosti.

"Miezi mitano na zaidi," akasema mpwa wangu. "Alikuwa akingoja nini?"

"Wapagazi. Stanley aliahidi kumpelekea watu kutoka pwani."

"Basi mtu mkubwa kama huyu hakuweza kwenda bila watu wa kumbebea?"

"Hata hatua moja ya maana."

Ndipo nikamweleza habari za watu wale. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, ambao wakuu wao walikuwa Susi na Chuma, walikausha mwili wake, wakaufunga kwa magome na kitambaa, wakauchukua. Jacob Wainwright, aliyekuwa msomi kati yao, aliandika. Mwezi wa Oktoba walifika hapa Unyanyembe. Msafiri Mwingereza, jina lake Cameron, aliwashauri wamzike papa hapa, wasijitaabishe zaidi. Wakakataa. Wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, baada ya mwendo wa zaidi ya kilometa 1,500 tangu Chitambo. Tarehe 18 Aprili mwaka ule akazikwa London. Na yuko mwingine, Sidi Mubarak Bombay, aliyetekwa utotoni akauzwa akapelekwa India, kisha akarudi akiwa mtu huru. Yeye aliongoza watu wa Burton na Speke, akaenda na Speke mara ya pili, akaenda na Stanley, na mwisho akavuka bara zima pamoja na Cameron. Vitabu huitwa kwa majina ya wazungu hao, lakini miguu ilikuwa ya watu hawa.

Nalitazama kama mpwa wangu amesikia. Alikuwa amesimama mlangoni, akipapasa mbao kwa vidole. Akanieleza, kwa maneno mengi kuliko aliyopata kuninenea mwaka mzima, jinsi mafundi wa zamani walivyochonga mbao ziingiane zishikane bila msumari, na jinsi mti mbichi unavyopotoka ukikauka, na kwa nini milango ya siku hizi hulalamika wakati wa mvua. Mimi nalimwonyesha historia. Yeye alinionyesha mlango. Naliona kwamba siku ile sote wawili tumefundishwa.

Mwaka 2006 nchi yetu iliiandikisha njia hii ya kati, iliyopitisha watumwa na pembe, katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Mahali sita palitajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mtu akaaye Tabora aweza kufika pamoja kati ya hapo sita kwa baisikeli mbovu, akarudi kabla ya chakula cha jioni.

Jumamosi ya Tatu: Itetemia

Matembezi ya tatu hayakuwa ya kicheko kingi. Twalikwenda Itetemia, yalikokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe. Neno "Ikulu", ambalo Watanzania wote hulitumia kwa nyumba ya Rais, limetoka katika lugha za Wanyamwezi na Wasukuma, na maana yake ni makao ya mtemi. Katika nchi hii Mtemi Isike alipigana na Wajerumani. Januari 1893 walipoivunja ngome yake, aliilipua baruti iliyokuwamo ndani, asipende kushikwa mzima, na huo ukawa mwisho wake. Wajerumani wakajenga boma lao mjini. Nao hawakukaa sana: tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, kisha nchi ikashikwa na Waingereza.

Twalikaa kivulini, tukala mihogo ya kuchoma. Hapo nikamwambia mpwa wangu jambo ambalo mtu akisimulia habari za misafara hana budi kulisema. Njia ile haikupita watu huru tu. Wapagazi Wanyamwezi walikuwa watu huru, walifanya kazi kwa ujira, na waliona fahari. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, pamoja na mkeka, chungu na chakula chake mwenyewe. Na kutoka Bagamoyo hata Tabora ni kilometa zaidi ya 800. Ilisemwa kwamba kijana asiyefika pwani hakuhesabiwa mtu mzima. Lakini katika njia hiyo hiyo, chini ya miembe hiyo hiyo, walipita watu waliofungwa shingoni, wanaume kwa wanawake, na watoto. Wengine walikuwa watumwa wa Waarabu, na wengine walikuwa watumwa wa watemi na matajiri wetu sisi wenyewe. Si vema kuwaimba wa kwanza na kuwanyamazia wa pili.

Kwa kuwa moyo wangu ulikuwa umejaa agizo la dada yangu, nikaleta methali: "Wahenga walisema, mkataa kwao mtumwa."

Mpwa wangu aliweka kipande cha muhogo chini. Akasema, "Mjomba, umenieleza sasa hivi habari za watumwa. Mtumwa hakukataa kwao. Alichukuliwa."

Nikanyamaza, naye akaendelea, bila hasira: "Najua kwa nini twatembea. Mama amekutuma. Mama hanioni mimi; anamwona baba. Kila nikivaa viatu vya safari, anaona vile vya baba. Mimi sijui baba alipatwa na nini. Huenda alikufa. Huenda aliona haya kurudi mikono mitupu, na kila mwaka haya ikazidi, mpaka njia ikawa ndefu kuliko alivyoweza kutembea. Nataka kwenda. Lakini sitaki kwenda kama mtu anayetoroka, wala sitaki kukaa kama mtu aliyefungwa."

Wazazi na walimu, nawaulizeni: ni lini kijana hutuambia maneno kama haya? Mezani nyumbani hayasemwi, maana pana masikio mengi. Ukimwita, ukamketisha, ukamwambia "sema," atasema "hamna neno, mjomba." Lakini watu wawili wakienda njia moja, macho yao yakitazama mbele wala hayatazamani, neno hutoka lenyewe. Kwa ajili ya maneno hayo peke yake Jumamosi zile tatu zilikuwa zimelipwa.

Jumamosi ya Nne: Porini

Jumamosi ya mwisho twalipanda basi dogo kwa njia ya Sikonge, tukashuka njiani, tukaingia porini. Pori letu la miombo kwa mgeni ni miti tu. Kwa mwenyeji ni ghala. Humo mna mninga wa seremala, kuni, dawa, na juu ya yote asali, ambayo imelipa jina mkoa wa Tabora.

Mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba yangu, ana mizinga zaidi ya arobaini. Twalimkuta amekwisha kuandaa mwenge wake wa magome. "Mwangaluka," twalimwamkia; naye akatuitikia, akatutazama, akamwambia mpwa wangu, "Wewe mrefu, utashika ndoo." Jua lilipokuwa likitua alipanda mti kwa kamba, akapuliza moshi, akakata masega. Sisi chini twalisikia mvumo wa nyuki kama gari la moshi la mbali. Mpwa wangu aliumwa sikioni, akaruka, akaizungusha ndoo lakini hakumwaga hata tone. Mzee akasema kutoka juu, "Huyo ataoa." Usiku tulikula asali ya moto pamoja na ugali, tukalamba vidole kama watoto, na mpwa wangu alitusikilizisha katika simu yake nyimbo za Tabora Jazz, bendi ya mji wetu iliyovuma miaka ya 1970, ambazo mzee alizijua zote kwa moyo na yeye alikuwa akidhani ni uvumbuzi wake.

Kulipokucha mzee alituonyesha mizinga yake. Mingi ni ya magome. Lakini ili kupata mzinga wa gome, mti huvuliwa gome lake lote kuzunguka, nao hufa. "Baba yangu aliwaua miti, na mimi nimewaua," akasema. "Sasa miti mizuri iko mbali, na miguu yangu imekuwa mifupi." Alikuwa na mizinga miwili ya mbao aliyonunua, nayo ilikuwa imeanza kuachia kwenye pembe. Mpwa wangu aliipindua, akaitazama viungo, akatikisa kichwa kama tabibu. Akatoa futi yake mfukoni, akapima, akaandika kiganjani kwa kalamu. Kabla hatujaondoka mzee alikuwa amemwagiza mizinga minne.

Nalimwuliza mzee juu ya mzinga mmoja uliokuwa mtupu. Akasema nyuki wameuhama mwaka juzi. "Mbona huuteremshi?" nikamwuliza. Akajibu, "Mzinga uliohamwa hauteremshwi. Husafishwa, hupakwa nta, huachwa mahali pake, mlango wazi." Mpwa wangu alisikia. Najua alisikia, maana jioni ile nyumbani alimweleza mama yake neno hilo, na mama yake akainuka akaenda nje kuanua viazi ambavyo alikuwa amekwisha kuvianua.

Shauri Lililofanyika

Sasa nalikuwa na jibu la swali la Jumamosi ya kwanza. Wapagazi wetu waliondoka, naam, tena kwa maelfu. Lakini wengi wao walikuwa na kalenda yao. Waliondoka mavuno yakiisha, nchi ikikauka na mito ikishuka. Nao walijitahidi kuwa nyumbani mvua za kwanza zianguke, maana shamba halingojei. Walioshika kazi ile mwaka mzima walikuwako, na waliohamia pwani walikuwako. Lakini desturi njema ilikuwa kwenda ukiijua siku ya kurudi. Mama hakuuliza, "Je, atarudi?" Aliuliza, "Mvua imefika wapi?"

Basi twaliketi watu watatu, dada yangu, mpwa wangu na mimi, tukakata shauri la namna hiyo. Kijana alimaliza kwanza mizinga minne ya mzee, akaipeleka, akalipwa, na kwa fedha hizo akakata tiketi yake mwenyewe, bila kukopa. Alikwenda Dar es Salaam mwishoni mwa Julai. Ameahidi kurudi mvua za kwanza, akiwa na fedha au hana. Na neno hilo, "au hana", dada yangu alimtaka aliseme mara mbili. Nikamwambia, "Ukirudi mikono mitupu, tutakucheka siku moja, kisha tutakula. Usiporudi, hatutacheka tena." Mzee wa nyuki amekwisha kusema kwamba anataka mizinga mingine sita, na ya kwamba hatampa fundi mwingine kazi hiyo kabla ya Desemba.

Mama yake alimfungia matobolwa katika kitambaa. Hakulia stesheni. Alimwuliza tu kama amechukua futi yake.

Niandikapo haya ni mwisho wa Agosti, na siwezi kuwaambia mwisho wa habari, kwa kuwa haujafika. Kijana amepata kazi katika karakana ya vitanda. Amepiga simu mara tano. Mara mbili aliuliza habari za mawingu. Dada yangu hulala.

Nanyi, wenye nyumba na walimu, nina ombi moja dogo. Kila mji una Kwihara yake: mti wa zamani, kisima, daraja, kaburi la mtemi, mzee mwenye mizinga. Mchague kijana mmoja wa nyumbani mwenu, hasa yule ambaye hamwelewani, mkatembee naye nusu siku. Chukueni chakula cha njiani. Msianze kwa mawaidha. Mwacheni aonyeshe anachokijua, kama ni mlango, kama ni wimbo, kama ni gurudumu la baisikeli. Na pampu msiisahau.